Mdomo wa Bata Hausemi Bila Kilimi

Msomaji, niwie radhi. Katika kurasa za jarida letu umezoea kusoma maoni kuhusu nidhamu, mitihani, usafi wa mabweni na madhara ya miraa. Hayo yote ni mazito na yanastahili. Mimi leo nimekuletea jambo dogo. Dogo kabisa! Ukiliweka kiganjani haliupiti urefu wa kidole chako cha shahada, na uzito wake ni kama wa unyoya wa kuku. Lakini jambo hilo dogo lilinitia aibu, likamtoa mtu katika bendi yetu, na mpaka leo linaninyima raha. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nazungumzia kilimi cha saksafoni.

Najua wengine wenu mtauliza, kilimi ndicho kitu gani tena? Saksafoni mnaijua. Ni ile ala ya shaba iliyopinda kama kiko, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita mdomo wa bata. Kwenye kinywa cha ala hiyo, upande wa chini, hubanwa kipande chembamba cha tete. Katika bendi tulizoea kukiita ridi, kama wasemavyo wapigaji wa mjini. Mlezi wa Chama cha Kiswahili akatushauri tukiite kilimi, maana hicho ndicho kinachosema. Ala yenyewe ni shingo na tumbo tu. Tukakubali, nami katika makala haya nitakiita hivyo.

Maoni yangu nayasema mapema ili nisikuchoshe. Kilimi huchaguliwa kwa pumzi ya anayepuliza na kwa hewa ya mahali anapopulizia. Hakichaguliwi kwa ukubwa wa namba wala kwa macho ya watu. Na shule inayotunza ala bila kutenga fungu la vilimi ni kama mtu aliyenunua taa akasahau mafuta.

Kisa chenyewe kilianza nilipokuwa kidato cha pili. Mzee mmoja wa Bulla Iftin alituletea shuleni saksafoni yake, ile ya kadiri iitwayo alto. Mzee huyo alipuliza katika bendi ya kikosi kwa miaka mingi, akapiga siku za Madaraka na Jamhuri hadi alipostaafu. Sasa meno yake ya mbele yamekwisha, na bila meno ya juu kinywa cha ala hakishikiki vizuri.

"Chukueni, wajukuu zangu," alituambia. "Mimi na huyu tumemalizana. Ila mjue ulimi wake umekufa. Mtafute mwingine."

Tulifurahi ajabu. Bendi yetu ilikuwa na ngoma, filimbi kadhaa na kinanda kimoja chenye mapengo kuliko huyo mzee. Tukachanga shilingi 100 kila mmoja. Tulikuwa 32, zikatimia 3,200. Kwa mtoto wa bweni shilingi 100 si mchezo. Ni mandazi ya wiki nzima. Mimi nilikuwa mweka hazina, na kwa vile mjomba wangu huendesha lori kati ya Garissa na Nairobi, kilomita zipatazo 370, nikapewa kazi ya kuagiza.

Likizo fupi ilipofika nikampa mjomba pesa. Siku ya pili akanipigia simu akiwa dukani.

"Abti," aliniita, kwa maana kwetu mjomba na mpwa wake huitana kwa jina hilo hilo moja, "mwenye duka ananiuliza mnataka namba ngapi. Ziko za moja na nusu mpaka nne. Anasema kama mnaanza mchukue mbili."

"Abti, chukua nne."

"Una hakika? Huyu mtu anaijua kazi yake, abti."

"Mwambie hatuanzi. Tumezoea."

Uongo mtupu! Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupuliza saksafoni. Lakini mimi nilidhani namba ya kilimi ni kama namba ya kidato: wa nne amempita wa pili. Tena nilikuwa nimesikia ati magwiji hupuliza namba kubwa. Nikaona haya bendi yetu ionekane ya watoto. Mjomba akaleta vilimi 8, vyote namba 4, kila kimoja ndani ya kifuko chake. Nikavigawa kama mtu anayegawa sadaka ya Idi.

Jumamosi tukakusanyika ukumbini. Mimi nikaanza. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba. Kilichotoka ni upepo tu, fyuuu, kama tairi inayopungua. Akajaribu mwenzangu, akajaribu mwingine. Wote upepo. Tukaanza kunong'ona kwamba mzee ametupa ala mbovu.

Ndipo akajitokeza mdogo wetu mmoja, mgeni shuleni, kijana wa Balambala. Alikuwa mkimya, lakini kila mtu alijua mluzi wake. Akitia vidole viwili mdomoni, mluzi ule ulisikika toka langoni mpaka jikoni. Alijifunza akichunga mbuzi. Tukasema, huyu ana pumzi, hebu apewe. Akaishika saksafoni kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Akapuliza mara ya kwanza, upepo. Mara ya pili, upepo. Mara ya tatu akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na ala ikatoa mlio mmoja mkali, wa kukwaruza, kisha ikanyamaza.

"Bata amechinjwa!" mtu mmoja akapaza sauti.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka sana, ili watu wasahau kwamba mimi pia ilinishinda. Yule kijana aliilaza ala polepole ndani ya sanduku lake, akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akasema, "Pumzi yangu ni ya mbuzi, si ya hii." Akatoka. Hajarudi katika bendi tangu siku hiyo.

Saksafoni ikaingia kabatini. Muhula ukapita. Siku moja yule mzee akapita shuleni kumsalimia mwalimu, akauliza mbona hasikii kitu. Tukamwonyesha ala na vilimi. Akachukua kilimi kimoja, akakibonyeza ncha kwa kidole gumba, akakitazama, kisha akatutazama sisi.

"Nani aliagiza hivi?"

"Ni mimi, mzee."

Nilingojea kukaripiwa. Badala yake akaniuliza, "Asubuhi umepiga mswaki kwa nini?"

"Kwa caday, mzee."

"Uliichaguaje?"

Nikaduwaa. Hakuna mtu wa Garissa asiyejua kuchagua caday, huo mswaki wa mti. Kinamama huuza vifurushi sokoni na kandokando ya barabara, na kila mtu hupekua mpaka apate wa kwake. Ukichukua mnene na mkavu utakuchoma ufizi. Ukichukua mchanga mno utafumuka kinywani kabla hujamaliza safu moja ya meno. Mtoto huchukua mwembamba na laini, na hakuna anayemcheka. Hata ulio mzuri hulowekwa kwanza ukikauka. Nikamweleza mzee hivyo hivyo.

"Basi umekwisha jijibu," akasema. "Haya nayo ni mambo ya kijiti na mdomo. Mkubwa wa caday ndiye mwenye meno safi, au ndiye mwenye mswaki mnene?"

Akatoa mfukoni kikopo cha bati. Ndani mlikuwa na kilimi kipya namba 2 alichokuwa amekihifadhi miaka yote hiyo. Akaniambia nikiloweshe. Nikakiweka ulimini kwa dakika mbili hivi, akanionyesha jinsi ya kukilaza ili ncha yake ilingane na ncha ya kinywa cha ala, akakaza kibano bila kukinyonga. Nikapuliza. Ikatoka sauti. Ilikuwa sauti mbaya, ya bata kweli, lakini ilikuwa sauti! Nami kwanza sikufurahi. Nilimkumbuka yule kijana wa Balambala.

Basi msomaji, tangu hapo nimekuwa nikiuliza, kusoma na kujaribu, na ninayokwambia sasa ndiyo niliyopaswa kuyajua kabla ya kufungua mdomo kwenye simu.

Saksafoni ilibuniwa na Mbelgiji aitwaye Adolphe Sax, aliyezaliwa 1814. Hataza yake aliipata mjini Paris mwaka wa 1846. Ingawa mwili wake ni wa shaba, wataalamu huihesabu pamoja na ala za mti kama klarineti, kwa sababu ya hicho kilimi. Ukipuliza, kilimi hutetemeka na kugonga-gonga kwenye kinywa cha ala mamia ya mara kwa sekunde moja. Ncha yake ni nyembamba, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa hivyo kila uzito wa pumzi na kila ugumu wa tete hujulikana hapo hapo.

Tete lenyewe huitwa Arundo donax. Lililo mashuhuri zaidi hutoka jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa, karibu na bahari ya Mediterania. Hukatwa likiwa limekomaa kwa miaka miwili hivi, wakati wa baridi, kisha huanikwa na kuachwa likauke kwa muda mrefu. Kampuni ya Vandoren ya Paris imekuwa katika kazi hiyo tangu 1905, na zipo nyingine.

Sasa sikiliza jambo lililonifungua macho. Kiwandani, vilimi vya aina moja hukatwa kwa kipimo kile kile. Baadaye ndipo mashine hupima kila kimoja kinapinda kwa ugumu gani, na hapo hupewa namba, tangu 1 mpaka 5, nyingi zikienda kwa nusu nusu. Umeelewa? Namba hueleza tete. Haimwelezi mpulizaji. Haimwambii mtu yeyote kwamba wewe ni gwiji au ni mwanafunzi. Zaidi ya hayo, namba 2 ya kampuni moja si lazima iwe sawa na namba 2 ya kampuni nyingine. Aliyeringa kwa namba ameringa kwa jambo ambalo hata watengenezaji hawajakubaliana.

Je, utajuaje kilichokufaa? Mdomo wako wenyewe utakwambia. Kilimi kikiwa kigumu mno kwako, utasikia upepo mwingi na sauti kidogo, taya zitachoka upesi, na noti za chini zitakataa kutoka. Kikiwa laini mno, sauti italialia kama nzi ndani ya chupa, noti za juu zitalegea, na ukipuliza kwa nguvu kitajifunga kabisa. Anayeanza na aanzie kwenye 1½, 2 au 2½. Akiona kilimi kinamfungia kila anapoongeza pumzi, hapo apande nusu moja. Nusu moja tu, asiruke ngazi. Tena atazame kinywa cha ala yake, maana kinywa chenye uwazi mpana hutaka kilimi laini zaidi kuliko chenye uwazi mdogo. Na ahakikishe ukubwa: kilimi cha alto si cha tena wala si cha baritoni.

Macho nayo yana kazi yake. Tete lililoiva lina rangi ya dhahabu, pengine na madoa madogo ya kahawia. La kijani ni changa, liache. Kiinue kilimi juani uone kivuli kilicho katikati. Kinatakiwa kichongoke kuelekea nchani kama kichwa cha mkuki, pande zote mbili sawasawa. Upande mmoja ukiwa mnene kuliko wa pili, sauti nayo itachechemea.

Hayo ni ya kila mahali. Sisi wa Garissa tuna letu la ziada. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, nako ni baridi. Hapa kwetu ni mita 150 hivi, joto hufika nyuzi 35 na kupita, na kati ya mvua za Aprili na za Novemba hewa hukauka kabisa. Kilimi kilichojaribiwa kule dukani kikaimba kinaweza kufika hapa kikawa na tabia nyingine. Ukikisahau kwenye ala mchana mmoja tu, ncha hujikunja-kunja kama ukingo wa mkeka ulioachwa juani. Kisitupwe! Kiloweshe tena, kilaze juu ya kioo, mara nyingi kitanyooka. Baada ya kupuliza kifute, kitoe, kikae mahali bapa penye kivuli. Tena usitegemee kimoja. Kuwa na vitatu au vinne, uviandike nyuma kwa penseli moja, mbili, tatu, uvipokeze zamu. Kilicho kipya ukipulize dakika chache siku ya kwanza, uongeze kidogo kidogo. Hata ngamia mchanga habebeshwi mzigo mzima siku ya kwanza.

Msidhani haya ni maarifa ya Wazungu peke yao. Shukeni pwani mkasikilize nzumari, katika arusi au katika ngoma ya sengenya ya Wadigo. Nzumari nayo ina kilimi, tena cha tabaka mbili, kinachotengenezwa kwa jani la mti wa jamii ya minazi. Mpigaji hupuliza mashavu yamefura, akivuta pumzi puani bila sauti kukatika. Mtu huyo hangoji namba iliyoandikwa na mashine. Huamua kwa mdomo wake. Kama babu zetu wa pwani walijua kwamba kilimi ni cha mwenye mdomo, sisi tuna udhuru gani?

Na hao magwiji niliotaka kufanana nao? Mfikirie Verckys wa Kongo, aliyepuliza katika OK Jazz ya Franco kabla ya kuanzisha bendi yake ya Vévé. Mfikirie Manu Dibango wa Kamerun, aliyefariki 2020, ambaye Soul Makossa yake ya 1972 ilizunguka dunia. Au Moses Matovu wa Uganda na bendi ya Afrigo iliyoanzishwa 1975. Mimi nimewasikiliza mara nyingi, na sijawahi kusikia namba ikitoka ndani ya ala. Nimesikia muziki. Hakuna msikilizaji anayeinuka katikati ya wimbo kuuliza, "Samahani, hicho ni namba ngapi?"

Wapo watakaonipinga, nami sina budi kuwajibu.

Wa kwanza watasema: katika kaunti ambayo watu wameona ukame ukimaliza mifugo yao, wewe unalia kwa ajili ya kijiti? Hoja hiyo ina uzito, na mimi ni mtoto wa mfugaji, si mgeni wa ukame. Lakini kumbuka shilingi 3,200 tulizokuwa nazo. Zilipotea zote kwa sababu hatukuuliza. Maskini ndiye anayepaswa kuchagua kwa uangalifu zaidi, kwa sababu hana za kununua mara ya pili. Babangu akienda soko la mifugo hapa mjini hununua beberu mmoja kwa saa tatu. Humfungua mdomo, humshika mgongo, humtembeza. Hakuna anayemwambia anapoteza wakati.

Wa pili ni wazee wanaoona kwamba ala si jambo la kijana wa Kiislamu. Hao nawaheshimu, wala sina kifua cha kubishana nao. Mimi nasema na shule ambayo tayari imeikubali ala na kuitia kabatini. Ukishaikubali, usiifunge ulimi.

Wa tatu watasema siku hizi kuna vilimi vya plastiki, basi tuagize hivyo tumalize maneno. Ni kweli vipo. Havihitaji kuloweshwa, havijikunji kwa joto letu, na hudumu muda mrefu. Kwa hali ya hapa si wazo baya hata kidogo. Lakini kimoja huuzwa kwa bei ya vya tete kadhaa, na navyo vina ugumu mbalimbali. Ukiagiza plastiki ngumu kwa sababu ya sifa, utapuliza upepo vilevile, tena upepo wa bei ghali.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu kwa shule yetu na kwa bendi yetu.

Mosi, kila bajeti ya bendi itenge fungu la vilimi kila muhula, hata kama ni vinne tu. Ngozi ya ngoma hununuliwa ikipasuka, na chaki hununuliwa ikiisha. Kilimi nacho huisha.

Pili, kila mpulizaji awe na kilimi chake. Nimeona watu wakipokezana kimoja kutoka mdomo hadi mdomo. Jamani! Nani kati yetu anaweza kumwazima mwenzake caday iliyotoka kinywani? Ugonjwa haubagui mswaki na kilimi. Hata kinywa cha ala kioshwe kabla ya kumpa mwingine.

Tatu, anayeagiza asiwe mwenye cheo, awe anayepuliza. Na ikiwa hakuna ajuaye, waulizwe wanaojua. Tulikuwa na mzee aliyepuliza kwa miaka mingi, hatua chache toka lango la shule, na hatukumwuliza. Tulikuwa na mwenye duka aliyetuambia ukweli kwa simu, tukamdanganya. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kutouliza kuna gharama, na gharama hiyo aghalabu hulipwa na mtu mwingine.

Katika kisa changu aliyelipa ni yule kijana wa Balambala. Yeye alikuwa na pumzi kutushinda sote. Kwa kilimi namba 2 siku ile, nadhani leo angekuwa ndiye anayetufundisha. Alipewa kilimi ambacho kingemshinda mwanafunzi yeyote, kisha akachekwa kana kwamba kosa ni la kifua chake. Naye akaamini. Hilo ndilo linaloniuma. Ni watoto wangapi huwekewa kitu kigumu kupita kiasi, kwa ajili ya sifa za mwingine, kisha wakaambiwa hawafai? Mimi nimefanya hivyo mara moja, kwa kijiti cha tete, na imenitosha.

Nilimwendea kumwomba msamaha. Akasema, "Hakuna neno, walaal, yameisha." Lakini bendi amekataa kurudi. Hata hivyo, jioni tukifanya mazoezi, nimemwona mara mbili amesimama nje ya dirisha la ukumbi, mikono mfukoni, akisikiliza. Nikimtazama huondoka.

Basi ndugu yangu, ukilisoma jarida hili, na najua utalisoma kwa sababu wewe ni mwanachama, jua hivi. Ndani ya sanduku la saksafoni kuna kikopo cha bati cha mzee. Humo mna kilimi kipya namba 2, nilichokinunua kwa pesa zangu. Hakijaguswa na mdomo wa mtu. Ufunguo wa kabati uko kwa mwalimu wa zamu, nami nimemwachia jina lako. Njoo siku ambayo ukumbi ni mtupu, kama hutaki watu. Kiloweshe dakika mbili, kilinganishe na ncha, upulize taratibu.

Kikilia kama bata, hakuna atakayecheka. Na akicheka mtu, atakuwa na mimi wa kujibizana naye.